Mwalimu wa Koo

Mtu aliyewafundisha watu wazima wa Garissa kula taratibu, mgongo umenyooka, mdomo umefumbwa, yeye mwenyewe alikula akiwa amesimama, akisema, andazi mkono huu na kikombe mkono huu. Nilimwona kwa macho yangu akipaliwa na njugu mbele ya wagonjwa wake. Akakohoa mpaka miwani ikaanguka. Akaiokota, akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa amemkodolea macho, akamwambia, "Umeona sasa? Ndiyo maana nakukataza kusema ukila." Halafu akaendelea kutafuna.

Jina lake alikuwa nalo, tena zuri, lakini sikumbuki kama kuna mtu aliyelitumia isipokuwa siku za mshahara. Daktari hakuwa, maana hakuchoma sindano wala hakutoa dawa, na kwa watu wetu mtu wa hospitali asiyetoa dawa ni wa kumtilia shaka. Alichotoa ni mazoezi. Vuta pumzi. Iachilie. Meza. Sema aa. Basi wagonjwa wakaamua kwamba huyu ni mwalimu, na somo lake ni koo, wakamwita Mwalimu wa Koo. Kwa Kisomali walimwita *macallimad*, na akiitwa hivyo sokoni aligeuka upesi kuliko alivyogeuka kwa jina aliloitwa na mama yake.

Mimi nilikuwa muuguzi katika wadi ya wanaume. Baba yangu, mtu wa Pwani, aliletwa Garissa na kazi ya serikali, akaoa, akakaa, nami nikakua nasema Kiswahili ndani ya nyumba na Kisomali nje ya mlango. Kwa hiyo mama huyu alipotua kutoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mtaita mwenye mwili wake na sauti ya kukwaruza, matroni alinishika bega akasema, "Wewe utakuwa mdomo wake." Nikadhani ni mambo ya wiki mbili tatu. Lo! Nilikuwa mdomo wake mpaka nikawa namwota.

Kazi yake ilikuwa kutibu watu wazima waliopotewa na sauti, na waliopotewa na uwezo wa kumeza. Ukimweleza mtu hivyo wakati ule alikucheka. Kumeza kunafundishwa? Mtoto mchanga anajua kumeza! Hata wakubwa wa hospitali, nadhani, hawakujua wamfanyie nini, wakampa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua karibu na dobi, chenye kidirisha kimoja na joto la tanuri. Humo akaweka meza, viti viwili, kioo, tochi na vijiko. Vijiko alikuwa navyo vingi, vyote vidogo, vyote bapa, na ole wake aliyechukua kimoja kukorogea chai.

Nitaanza na sauti, maana kwa sauti alikuwa mchawi. Huo si uzushi wangu, ni maneno ya soko zima. Ungemsalimu tu, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," naye badala ya kujibu angekutazama shingoni. "Rudia. Sema aa." Kisha angekwambia umelala vibaya, au tumbo linakuchemka, au jana ulipigana na mkeo. Aliwahi kumsimamisha mama muuza chai, akamsikiliza, akampeleka mbio kwa daktari, na kweli uvimbe ulionekana ukiwa bado mdogo. Tangu siku hiyo baadhi ya watu walikuwa wakimpita wakimwitikia kwa kichwa tu, midomo wameifunga. Waliogopa kuambiwa.

Kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliyejiharibu koo kwa kufokea watoto kwenye gwaride. Vinundu vilikuwa vimeota kwenye nyuzi zake za sauti. Mwalimu wa Koo akamwamuru anyamaze, kabisa, asiseme hata na mkewe. Wiki iliyofuata bwana yule akarudi, sauti imezidi kufa. Akaeleza kwa fahari, kwa kunong'ona, "Mwalimu, nimetii. Sisemi kabisa. Nanong'ona tu."

"Kunong'ona?" Mwalimu wa Koo akaruka kitini. "Kunong'ona ni kupiga kelele kwa siri!"

Alipaaza sauti hiyo hadi mpishi akatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Huyo ndiye aliyekuwa akitukataza kupiga kelele! Nikamwambia, "Mwalimu, na koo lako je?" Akanijibu kwamba koo lake lilishaharibika zamani, yeye anatibu yanayofaa.

Na mwadhini. Hii watu wa Garissa waliozidi umri wangu bado wanaisimulia, na kila mmoja anatia chumvi yake, lakini mimi nilikuwepo. Mwadhini wa msikiti ulio karibu na hospitali alianza kukatika sauti katikati ya adhana. Akaja kwetu kisirisiri, shali mpaka puani. Mwalimu wa Koo akamfundisha kupumua kwa tumbo na kuanzia chini kidogo. Sasa atamsikiaje akiwa kazini? Yeye Mkristo, mwanamke, msikitini hataingia. Basi kila adhuhuri alitoka akasimama kwenye ua wa hospitali, mikono nyuma, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, halafu akanituma. "Kamwambie leo ameanza juu mno." Au, "Kamwambie leo vizuri, ila alikuwa na njaa." Nami navuka barabara na buibui langu, napeleka ripoti. Kuna waliokwenda kumuuliza mwadhini kama inafaa kusahihishwa na mwanamke wa Kitaita. Alichowajibu ni kwamba hasahihishwi maneno, anasahihishwa pumzi, na kama kuna mwenye pumzi nzuri zaidi apande yeye. Hakuna aliyepanda.

Alikuwa mkali, sitamfichia. Alikuwa na hasira za karibu, na kuomba radhi hakujui. Akikuonea leo, kesho asubuhi ungekuta papai juu ya meza yako, bivu, limeshaoshwa, na yeye hayupo. Ukimshukuru alijifanya hajui lolote kuhusu papai. Mwaka mmoja nilikula mapapai mengi sana.

Aliogopa ngamia. Miaka yote ile, katika mji ule, aliogopa ngamia! Akimwona mmoja mbele yake barabarani alizunguka mtaa mzima. Lakini maziwa ya ngamia aliyajua kuliko wanywaji. Wiki zake za kwanza alizunguka vibanda vya chakula na kijiko chake, anachota, anainamisha, anatazama kinavyodondoka. Chai inakimbia. Maziwa yanakimbia. Mchuzi unatembea. Uji mzito unakaa ukibembelezwa. Wenye vibanda walidhani ni mtu wa afya ya jamii, wakaanza kuficha masufuria. Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: mgonjwa ambaye koo lake limechelewa apewe nini kisichomtangulia. Maana ukimeza, alituambia, mlango wa pumzi lazima ujifunge. Kwa aliyepigwa na kiharusi, mlango huo hufungika kwa kuchelewa, na kinachokimbia huingia kabla haujafungwa, kikaenda mapafuni. Na sisi mgonjwa wetu tunampa nini? Maziwa na chai. Vyote vinavyokimbia. "Nimeletwa mahali," akasema, "ambapo watu wanaishi kwa kile kile ninachokikataza."

Ndipo akaja yule dalali.

Alikuwa mzee wa soko la mifugo, mtu wa Diff kule mpakani, aliyekuwa akija Garissa na mifugo ya watu na kuiuza kwa niaba yao. Kiharusi kilimpiga hapo hapo sokoni. Mkono wa kushoto ukalegea, ulimi ukawa mzito hata neno halitoki, na kumeza kukamkimbia. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Macho yalikuwa yakielewa kila kitu, na yakikasirika. Akatiwa mpira wa pua, akawa analishwa kwa huo, na juu ya kitanda chake Mwalimu wa Koo akabandika karatasi kwa Kiswahili na Kisomali: asipewe kitu kwa mdomo.

Mkewe hakusoma karatasi, na hata angesoma asingetii. Nilimwita Eeddo, yaani shangazi, ndivyo tunavyomwita mama wa umri ule. Eeddo alikaa chini kando ya kitanda tangu alfajiri mpaka tumfukuze. Alasiri moja akatoa chupa chini ya shali yake, akamtilia mumewe maziwa mdomoni. Kwa mapenzi tu. Mzee akabadilika rangi. Nilipiga ukelele, Mwalimu wa Koo akaja mbio na mwili wake wote, akamwinua, akampiga mgongo, tukamfyonza koo kwa mashine, pumzi ikarudi. Siku zilizofuata alikuwa na homa ya mapafu, na tulikaa roho juu.

Mimi nilingoja Eeddo afokewe. Niliuinamisha uso kabisa. Badala yake Mwalimu alijishusha pale chini sakafuni, jambo lililochukua muda, akakaa bega kwa bega na mama yule, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo, "Mwambie nami ningempa. Mwambie angekuwa mume wangu nami ningempa." Nikamwambia. Eeddo akalia, nami nikalia. Mwalimu akatoa kijiko mfukoni akakipangusa pangusa bila sababu.

Na hapo ndipo alipompa kazi. Kujua kama mgonjwa anameza ni lazima uweke vidole shingoni mwake, usikie kongomeo likipanda na kushuka. Mzee hakukubali kuguswa shingo na mwanamke asiye wake. Kila Mwalimu aliposogeza mkono, yeye aligeuza uso ukutani. Muuguzi wa kiume tuliyekuwa naye mkono wake ulikuwa mzito. Basi Eeddo akafundishwa. Kidole hiki chini ya taya, hiki hapa, hiki hapa. Mwambie ameze mate. Limepanda? Halijapanda. Ngoja. Limepanda? Eeddo akafumba macho, kisha akasema, "Limepanda, kidogo." Mwalimu akawa anaviamini vidole vya Eeddo kama vyake mwenyewe. Baada ya kila kumeza, mzee asema aa. Ile aa ndiyo aliyoisikiliza Mwalimu mwenyewe. Ikitoka kavu, salama. Ikitoka imelowa, yenye kuchemka chemka, basi kuna kitu kimebaki mlangoni mwa pumzi, simama, mkohoze.

Tulikuwa tumefika hapo, mate tu na matone ya uji, mwanawe mkubwa alipotokea na lori kutoka Diff.

Alikuwa mtu mrefu mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akautazama ule mpira wa pua, akatazama karatasi, akamtazama babake jinsi alivyokonda. Kisha akamwendea Mwalimu wa Koo moja kwa moja, hakunihitaji mimi: Kiswahili alikuwa nacho, ila kwa ulimi wake p ilikuwa b na v ilikuwa f.

"Wewe mama, baba yangu amekosea wewe nini? Mtu nakunywa maziwa tangu nazaliwa. Leo wewe nafunga yeye mdomo, natia yeye mbira kwa bua?"

"Maziwa yanapita njia ya pumzi, baba. Yatamuua."

"Maziwa ya geel, ya ngamia, haiui mtu!"

"Hayaui yakienda tumboni."

"Kesho mimi nabeba yeye. Akufe nyumbani, amekunywa maziwa yake. Watu wa Diff nasema nini? Watoto yake nalisha yeye na bua, naua yeye na njaa?"

Na kweli hilo ndilo lililokuwa likimuunguza. Kwetu mgonjwa kunyimwa maziwa ni aibu isiyofutika kwa wanawe. Mwalimu alijua hivyo. Lakini alijua pia kwamba mzee akitolewa leo, kikombe cha kwanza kitamzamisha akiwa kitandani kwake, mbele ya watu wanaompenda. Mbele yake kulikuwa na mtu ambaye angeweza kuponywa, lau angepewa muda, na hakuwa na namna ya kuupata huo muda. Nikajua sasa atapasuka.

Hakupasuka. Akauliza, "Mmemuuliza mwenyewe?"

"Baba hawezi sema."

"Hasemi sokoni, akiuza?"

Mwana akageuka kumtazama babake. Mimi nikaona haya, kwa sababu jambo hilo nililijua tangu utotoni wala halikunipitia kichwani. Sokoni kwetu bei haitangazwi. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mkono wa kulia, shali inatupwa juu, na vidole vinaminyana humo chini, kila kidole na maana yake. Huyu anataka hiki, yule anakataa, anapunguza, anaongeza, na aliyesimama kando haambulii kitu. Madalali wenzake walipokuja kumtazama walikuwa wakimtania hivyo hivyo, mkono chini ya shuka, na Mwalimu alikuwa amewaona wakicheka. Sisi tuliona salamu. Yeye aliona mtu anaongea.

"Mkono wake wa kulia mzima," akasema. "Muulize anataka kukaa muda gani."

Mwana akavua shali yake begani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika babake mkono, akaufunika. Hata mgonjwa aliyekuwa akigumia kona ile aliacha kugumia. Uliona shali ikicheza, ikatulia, ikacheza. Mwana akatikisa kichwa. Mzee akamkazia macho. Shali ikacheza tena, safari hii kwa nguvu, na mwana akasema "Aabo!" kwa mshangao, yaani baba, kama mtu aliyetajiwa bei ya wazimu. Wakavutana. Nami moyoni nikaelewa kitu kilichonitia uchungu: siku zote hizo tulibishana juu ya mzee yule, sisi kwetu na wao kwao, naye yupo hapo hapo na neno lake.

Mwishowe shali ikaondolewa. Mwana akasimama akajifuta uso.

"Tutangoja," akasema.

"Mpaka lini?" Mwalimu akauliza.

"Hiyo ya mimi na mzee."

"Mimi ndiye ninayemtibu! Lazima nijue siku!"

"Biashara ya chini ya shali haisemwi," akasema, akatoka kwenda kuswali.

Jamani, hasira alizokuwa nazo! Alizunguka chumba chake cha vijiko akisema peke yake Kitaita. Alinituma kwa mwana, kwa Eeddo, kwa madalali, na wote walinicheka. Kwa hiyo alifanya kazi ile gizani. Kila asubuhi aliingia wadini akitazama kwanza kitanda kile kama kina mtu, na akikiona kina mtu alishusha pumzi ndipo akatusalimu. Hakupumzika Jumapili. Uji mzito. Ndizi iliyopondwa. Mkate wa anjera uliolowekwa. Eeddo na vidole vyake, mzee na aa yake. Alimfundisha kushusha kidevu kifuani kila anapomeza, maana hivyo njia ya pumzi hubanwa na chakula hupata nafasi ya kupita upande wake. Mzee hakupenda. Kichwa chake hakikuzoea kuinama. Lakini aliinama, na siku moja mpira wa pua ukatoka, Eeddo akapiga kigelegele ndani ya wadi ya wanaume, tukamwachia.

Kilichobaki ni maziwa. Akipewa yaliyotiwa unga yakawa mazito, yanapita, ila anakunja uso. Akipewa kijiko cha maziwa matupu, siku nyingine aa kavu, siku nyingine imelowa. "Bado," alisema Mwalimu. "Bado kidogo."

Asubuhi lori likasimama mbele ya hospitali. Muda wa chini ya shali ulikuwa umekwisha, na mvua zilikuwa zinatishia barabara. Mwana akaja na nguo safi za babake. Mwalimu akasimama mlangoni pa wadi, akaujaza. Akasema kwa maziwa haya sitamruhusu, nipe siku chache, nipe wiki. Mwana akasema kwa upole, maana alikuwa amebadilika, "Mama, mimi na baba nimemaliza."

Ndipo mzee, amesimama nyuma ya mwanawe akishikwa na Eeddo, akauinua mkono wa kulia. Akisaidiwa na Eeddo akauzungushia shali yake vizuri, kitambaa juu ya kitambaa, ngozi isionekane, akaunyoosha. Si kwa mwanawe. Kwa Mwalimu wa Koo.

Mzee aliyekataa kuguswa shingo! Mwalimu akautazama mkono ule, akanitazama mimi, kisha akauingiza wake chini ya shali. Vidole vikaanza kuminyana. Uso wa mzee ulikuwa wa kazi, ule wa sokoni. Mwalimu hakujua kidole kipi kina maana gani, hakujua hata kimoja, wallahi. Alikuwa anaminywa tu. Akasimama vile, machozi yanamtiririka kwenye miwani, halafu akasema, "Nimekubali."

Mwana akaangua kicheko, cha kwanza tangu tumjue. "Mama, wewe najua umekubali nini?"

"Sijui."

"Amesema anaenda nyumbani, anakunywa maziwa yake na kichwa chini, file wewe nafundisha. Umekubali. Hairudi tena."

Na hairudi, kwetu. Aliyekubali chini ya shali amekubali. Mwalimu akawapisha mlangoni. Akamfuata mzee mpaka kwenye lori akimwonyesha kidevu, kidevu, kidevu, mpaka injini ikawashwa.

Mvua ile ndiyo iliyokuja kuwa mafuriko makubwa ya mwisho wa miaka ya tisini. Barabara za juu zilikatika, lori haliji, haliendi. Alikuwa akinituma kituo cha malori kuuliza: kuna mtu wa Diff? Hakuna. Barua ya uhamisho wake ikaja kabla ya maji kukauka vizuri. Siku ya kuondoka alinikabidhi vijiko vyake, akapanda basi, na kupitia dirishani akaniambia, "Sikupaswa kukubali." Hakuniambia kwaheri. Nilimpenda sana mwanamke yule na nilichukia kwamba hilo ndilo neno alilokwenda nalo.

Miaka ikapita, mingi. Nilikwenda Diff kwa kazi ya chanjo, nikaonana na watu niliowatafuta. Na baadaye kidogo, kwa kuulizia huku na huku, nikapata habari kwamba Mwalimu wa Koo amestaafu, anakaa Wundanyi kwa dada yake. Nikafunga safari.

Nilimkuta nje, juani, amevaa sweta, nywele nyeupe, mwili umepungua nusu. Alinitazama juu ya miwani ninavyopanda ngazi za shamba nikihema. Hakusema karibu. Hakusema umekuwa mzee. Neno lake la kwanza, baada ya miaka yote ile, lilikuwa, "Alikohoa?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Alikohoa?"

Nikakaa. Nikamwambia hakukohoa. Nikamwambia mzee aliishi akawaoza binti zake wawili, akafariki alfajiri moja usingizini, kifua kikavu, na aliyeniambia ni Eeddo mwenyewe, na vidole vya Eeddo yeye anavijua. Alivua miwani. Hakuifuta, aliishika tu. Dada yake akatoka ndani na chai, akatutazama, akairudisha.

Nikamweleza na lililobaki. Nilivyokaribishwa Diff kwa yule mwana, ambaye sasa ana mvi, tukaketi, maziwa yakaletwa. Yeye akashika kikombe, akashusha kidevu kifuani, akanywa. Mkewe vile vile. Ndugu zake vile vile, na watoto wao, mstari mzima, vichwa vimeinama. Nikauliza kuna nini. Akanieleza kwamba wageni wa kwanza walipokuja kumjulia hali babake, mzee aliona haya kuinama peke yake mbele za watu, akakiweka kikombe chini. Basi yeye mwana akainama naye. Ndugu zake wakamwona, wakainama. Baba amekufa, wao wameshazoea. Watu wa Diff wanadhani ni adabu ya nyumba ile, na binti zao walioolewa mbali wamekwenda nayo.

Mwalimu wa Koo alicheka. Alicheka mpaka ile sauti yake ya kukwaruza ikakatika kabisa, ukabaki upepo. Halafu akarudi kuwa yeye, akavaa miwani, akaninyooshea kidole.

"Upuuzi mtupu! Mtu mwenye koo zima hana haja ya kuinamisha kidevu. Haina maana yoyote. Ukirudi huko umwambie yule kijana, umwambie wazi, kwamba wao hawana ugonjwa, wanyooshe shingo zao, wanywe kama—"

Mkono ukashuka mapajani.

"La," akasema. "Usimwambie."